Sentensi Moja Iliyozamisha Kurasa Kumi

Kazi ilirudi na alama 46 kati ya 100, na chini ya ukurasa wa mwisho mhadhiri alikuwa ameandika maneno manne: "Marejeo ovyo. Soma vyanzo." Mwanafunzi alipewa wiki mbili airudie. Akayashika maneno mawili ya kwanza, mawili ya mwisho akayapita kama salamu za kufungia barua. Siku 5 zikaishia kwenye mikato na nukta, kubadili fonti, kutia italiki na kuiondoa, ndipo akaniletea niipitie kabla hajaiwasilisha tena. Ninakieleza kisa hiki kwa idhini yake, bila jina lake wala la chuo chake.

Nianze na sura ya kazi, maana yeye ndiko alikoanzia. Jalada lilikuwa na maua kwenye pembe zote nne na kichwa kilichokolezwa kwa herufi kubwa: Athari za Teknolojia Katika Elimu. Alikuwa ameagizwa atumie mtindo wa APA, yaani kanuni za Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani za kupanga kazi na marejeo, toleo la 7, lililotoka Oktoba 2019. Kwa kazi ya mwanafunzi mtindo huo hautaki makuu: jalada lenye kichwa, jina la mwandishi, idara na chuo, somo, mhadhiri na tarehe, pambizo la inchi 1, yaani sentimita 2.54, kila upande. Nafasi mbili kati ya mistari kuanzia mwanzo hadi marejeo. Namba ya ukurasa juu kulia. Na fonti inayosomeka, iwe Times New Roman ya 12, Calibri ya 11 au Arial ya 11. Hata ikisiri si lazima mpaka mhadhiri aitake. Maua hayamo.

Hayo tuliyamaliza kwa robo saa. Kilichokula muda kidogo ni ukurasa wa marejeo, kwa sababu alikuwa ameusuka kwa kidole. Katika mtindo huu mstari wa kwanza wa kila rejeo huanzia ukingoni kushoto, na inayofuata huingia ndani nusu inchi. Yeye aliisukuma ndani kwa kubonyeza nafasi mara tano, mara sita, kadiri jicho lilivyomwambia. Alipobadili fonti kutoka Calibri kwenda Times New Roman, mistari yote ikapotoka kama mkeka uliovutwa upande mmoja. Ukurasa wenyewe aliufikisha mahali pake kwa kubonyeza kitufe cha kushuka mstari mara 17, kwa hiyo kila alipofuta sentensi katikati ya kazi, neno "Marejeo" lilipanda ukurasa wa juu. Programu ya kuandikia ina amri ya kuingiza mistari ya pili ndani na amri ya kukata ukurasa. Ukizitumia, unaweza kuhariri kazi mpaka alfajiri na hakuna kitakachohama. Huu ni ufundi tu, na mtu asiyefundishwa hana kosa.

Kosa lilikuwa katika ukurasa wa 2, nami nililiona kwa sababu ya jina moja lililokosekana. Sentensi yenyewe ilikuwa hii:

"Utafiti umethibitisha kwamba wanafunzi wanaoandika noti kwa mkono hufaulu zaidi kuliko wanaotumia kompyuta (Mueller, 2014)."

"Mwenzake Mueller yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mwenzake yupi, mwalimu?"

Makala hiyo ya mwaka 2014, iliyotoka katika jarida la Psychological Science, ina waandishi wawili, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer. Sheria ya APA hapo haina kona: waandishi wakiwa wawili unawataja wote wawili kila mara, wakiwa watatu au zaidi unamtaja wa kwanza na kuongeza "na wenzake", tangu mara ya kwanza. Mtu aliyeifungua makala hawezi kumkosa Oppenheimer, kwa kuwa jina lake liko pale pale chini ya kichwa. Kwa hiyo nilichokuwa nacho mbele yangu hakikuwa kosa la uumbizaji, ingawa kilifanana nalo kwa kila hali. Ilikuwa alama ya mtu ambaye hajafika mahali anaposema ametoka.

Akakubali bila ubishi. Sentensi aliitoa katika makala ya mtandaoni yenye ushauri wa namna ya kujisomea, na makala hiyo ilimtaja Mueller peke yake. Nikamwambia aende akaitafute makala yenyewe, aisome yote, pamoja na sehemu ya mbinu ambayo wanafunzi wengi huiruka wakidhani ni ya wataalamu. Marekebisho mengine yote yasubiri.

Alirudi baada ya siku mbili akiwa na uso wa mtu aliyekwenda kudai deni akakuta ndiye anayedaiwa.

Nieleze alichokikuta, kwa sababu kisa kizima kinaning'inia hapo. Mueller na Oppenheimer walifanya majaribio matatu. Katika la kwanza, wanafunzi walitazama mihadhara mifupi iliyorekodiwa, wengine wakiandika kwa mkono na wengine kwa kompyuta, kisha wakapewa shughuli nyingine za kuwapotezea muda kwa takriban nusu saa, halafu wakajibu maswali. Katika maswali ya kukumbuka mambo ya hakika, makundi hayakutofautiana. Tofauti ilionekana katika maswali ya dhana, yale yanayokutaka ulinganishe au utumie wazo, na hapo waliotumia kompyuta walifanya vibaya zaidi. Pia waliandika maneno mengi zaidi, mengi yakiwa yale yale ya mhadhiri, neno kwa neno. Katika jaribio la pili baadhi ya wenye kompyuta waliambiwa waziwazi wasinakili neno kwa neno; onyo halikupunguza kunakili huko. La tatu liliwapa baadhi ya washiriki nafasi ya kupitia noti zao kabla ya mtihani uliokuja wiki moja baadaye, na walioandika kwa mkono na kuzipitia wakawa mbele.

Sasa rudi kwenye ile sentensi uihesabie makosa. "Umethibitisha": utafiti mmoja hauthibitishi, unaonyesha, unaashiria, unaunga mkono. "Hufaulu zaidi": hakuna mtihani wa chuo uliopimwa hapo, ni maswali kadhaa baada ya nusu saa, au wiki moja katika jaribio la tatu. "Wanafunzi wanaoandika kwa mkono": katika jaribio la kwanza faida ilikuwa kwenye aina moja ya maswali, si zote. Na yule mwandishi wa pili ametupwa nje. Makosa manne katika mstari mmoja na nusu, na kati ya hayo ni hilo la mwisho tu ambalo msahihishaji wa marejeo angeliona. Matatu yaliyobaki yalikuwa yamejificha nyuma yake.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaowaambia wanafunzi kwamba marejeo ni urembo wa mwisho, kitu cha kushughulikia usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Kwa uzoefu wangu rejeo lenye kasoro ni mlango wa kuingilia. Namba ya ukurasa haipo? Huenda nukuu haikutoka kwenye makala. Mwaka unapishana kati ya matini na orodha? Huenda ni vyanzo viwili vilivyochanganywa, au kimoja kilichonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine aliyekosea. Nimezoea kuipitia kazi kuanzia nyuma, orodha kwanza, utangulizi mwisho.

Tulipoipitia orodha yake kwa njia hiyo, marejeo 14 yaligawanyika hivi. Saba yalikuwa na makala halisi na yametajwa katika matini. Manne hayakutajwa popote. Aliyaweka, kwa maneno yake, "ili orodha ishibe". APA hairuhusu hilo: kilichomo kwenye orodha lazima kiwe kimetajwa ndani ya kazi, na kilichotajwa ndani lazima kionekane kwenye orodha, isipokuwa vitu vichache kama mawasiliano binafsi ambavyo msomaji hawezi kuvipata. Mawili yalikuwa kurasa za mtandao zisizo na mwandishi wala tarehe, na moja kati ya hizo ndiyo ile ya ushauri wa kujisomea.

La 14 ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Lilikuwa na majina yanayoaminika, jina la jarida linalojulikana, juzuu, kurasa na DOI. DOI ni kitambulisho cha kudumu cha makala. Huanza na 10 na nukta, na katika toleo la 7 huandikwa kama kiungo kamili bila nukta mwishoni, ili hata tovuti ya jarida ikihama, msomaji apelekwe makala ilipo. Nikakibonyeza. Kikafungua makala ya mambo mengine kabisa. Tukaingia kwenye tovuti ya jarida, tukaifungua juzuu ile, tukatazama kurasa zile: hamna. Makala haikuwahi kuandikwa. Alikuwa ameiomba programu ya akili mnemba imtafutie vyanzo, nayo ikamtungia kimoja, kikiwa kimevaa nguo zote za rejeo sahihi. Uumbizaji wake, nisiwe mchoyo wa sifa, ulikuwa bora kuliko yote 13 yaliyobaki.

Sikumgombeza. Nilimtaka afanye jambo moja: abonyeze kila kiungo katika orodha mbele yangu, na kwa kila kimoja aniambie sentensi moja kuhusu kilichofanyika humo ndani. Vile asivyoweza kuvisema, tuliviondoa. Kuna njia ya halali ya kutumia kazi ambayo hukuifikia: unasema imenukuliwa katika kazi fulani uliyoisoma, na orodhani unaiweka ile uliyoisoma tu. Njia hiyo ipo kwa dharura, kama kitabu kilichoadimika au kilichoandikwa kwa lugha usiyoijua. Makala ambayo maktaba ya chuo inaifungua kwa dakika mbili haimo katika dharura hiyo.

Alipokuwa akiendelea kutafuta, akakutana na jambo ambalo makala ya ushauri haikumwambia. Jaribio la 2014 lilirudiwa. Mwaka 2019 Morehead na wenzake walilirudia na kulipanua, wakaongeza kundi lililotumia kifaa cha kielektroniki kinachoandikiwa kwa kalamu na kundi ambalo halikuandika noti zozote. Hawakupata ushindi wa wazi na thabiti wa mkono. Mwaka 2021, katika jarida lile lile la Psychological Science, Urry na wenzake walilirudia jaribio la kwanza kwa karibu sana. Waliotumia kompyuta waliandika maneno mengi zaidi na kunakili zaidi neno kwa neno, sawasawa na mwaka 2014. Lakini katika maswali tofauti ya kutegemewa haikuonekana.

Akanipigia simu usiku. "Mwalimu, kazi yangu imekufa."

"Imekufa vipi, mwanangu?"

"Hawa wa 2021 wameniua. Nilisema mkono ni bora."

Nikamwambia kwamba hapo ndipo kazi ilipozaliwa. Hadi siku hiyo alikuwa na mada, na mada haina mwisho. Unaweza kuandika kuhusu teknolojia katika elimu hadi karatasi zikuishie. Sasa alikuwa na swali: faida iliyoonekana mwaka 2014 ilionekana tena jaribio liliporudiwa? Kurasa kumi zinaweza kulijibu swali hilo, na mtu mwenye akili timamu anaweza kupingana na jibu lake. Hicho ndicho kipimo changu cha hoja kuu. "Teknolojia ina faida na hasara" haina mpinzani duniani, kwa hiyo si hoja. Aliandika na kufuta mara kadhaa, hatimaye akatua hapa: "Kilichojirudia katika majaribio haya ni tofauti ya namna ya kuandika, tofauti ya kuelewa haikujirudia." Sentensi ya kwanza nzuri katika kazi nzima, na ilizaliwa kwa sababu ya jina lililodondoka ndani ya mabano.

Baada ya hapo mpangilio wa zamani haukuweza kubaki. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya 11, na 9 kati ya hizo zilianza kwa "Kwa mujibu wa". Fulani alisema hivi. Fulani naye alisema hivi. Ni gwaride: kila mtaalamu anapita mbele ya jukwaa, anapiga saluti, anaondoka, na mwandishi amekaa kimya kivulini. Nilimpa zoezi ninalowapa wengi. Pembeni mwa kila aya andika kwa maneno yasiyozidi kumi aya inadai nini. Aliandika majina ya watu. Nikamwambia jina si dai, rudia. Mara ya pili aligundua kwamba aya tatu zilidai kitu kimoja na aya mbili hazikudai chochote.

Katika rasimu mpya kila aya ilifungua kwa dai lake mwenyewe, na watafiti wakaja nyuma kama mashahidi. Aya ya idadi ya maneno iliwakutanisha wa 2014, 2019 na 2021 chumba kimoja, kwa sababu hapo wanakubaliana. Aya ya maswali ya dhana iliwakutanisha tena, safari hii wakivutana. Kisha ikaja ile niliyoipenda zaidi, kuhusu kwa nini matokeo yanaweza kutofautiana, na hapo ilibidi aandike kwa tahadhari, "huenda", "inawezekana", kwa kuwa alikuwa anakisia na alijua anakisia. Utangulizi aliuandika mwisho, nikamsihi aanzie kwenye swali lenyewe. Ule wa kwanza ulianza na "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akijifunza." Ni kweli, lakini wala hakuna aliyeuliza.

Kulikuwa na suala jingine lililomnyima usingizi kuliko alama 46: ripoti ya programu ya kupima ufanano, iliyosema asilimia 27. Aliamini hiyo ni hukumu ya wizi wa kitaaluma. Programu hiyo huhesabu maneno yanayofanana na maandishi mengine, basi. Asilimia yenyewe haikuambii kipi kimefungwa kwa alama za nukuu na kutajwa chanzo, na mara nyingi huhesabu hata orodha ya marejeo, ambayo lazima ifanane na ya kila aliyetaja makala zile zile. Tuliifungua ripoti tukaisoma mstari kwa mstari. Sehemu kubwa ilikuwa marejeo na kichwa cha somo. Palikuwa na nukuu mbili halali. Na palikuwa na aya moja, katika ukurasa wa 6, ambayo programu iliitia rangi hafifu tu, nami nikaikamatia hapo. Alikuwa ameichukua aya ya mtu akabadili maneno: "muhimu" likawa "ya maana", "wanafunzi" likawa "wanachuo", mifupa ya sentensi ikabaki ile ile kwa mpangilio ule ule. Chanzo alikitaja, akadhani amemaliza. Kutaja chanzo kunalipia wazo; maneno na mpangilio ni deni la pili, nalo hulipwa kwa alama za nukuu na namba ya ukurasa, au kwa kulifunga lile andiko, kulisogeza mbali, na kuandika ulichokielewa kwa sentensi zako. Asilimia 27 haikuwa na hatia, na ile aya ya rangi hafifu ilikuwa nayo.

Chimbuko la aya hiyo lilikuwa noti zake mwenyewe, na hapa kisa kinajichekea, kwa vile mada yake ilikuwa noti. Alinakili kwa kompyuta, neno kwa neno, bila alama za nukuu, na wiki tatu baadaye hakuweza kutofautisha maneno yake na ya mwandishi. Sasa ana daftari lenye safu nne: walifanya nini, walikuta nini, ukurasa upi, na mimi nasemaje. Cha mtu kikinakiliwa hufungwa kwa alama za nukuu hapo hapo, hata kama ni maneno matatu.

Jambo dogo la uumbizaji lilimsumbua hadi siku ya mwisho, nalo lilikuwa na haki ya kumsumbua. Makala ya 2021 ina waandishi wengi kupita 20. Ndani ya matini ni rahisi: Urry na wenzake, 2021. Kwenye orodha, toleo la 7 linataka uwaandike wote wakiwa hadi 20. Wakizidi hapo, unaandika 19 wa kwanza, unaweka nukta tatu, kisha mwandishi wa mwisho. Alikuwa ameandika mmoja na "wenzake" orodhani pia, ambalo ni kosa la kawaida. Alipoyaandika majina 20 kama inavyotakiwa, rejeo hilo moja likaonekana refu kupita aya yake fupi kuliko zote, akaniuliza kama si uharibifu wa karatasi. Nilimwambia watu hao walifanya kazi.

Kazi mpya ilikuwa na marejeo 8, yote yanafunguka, na kurasa 9 badala ya 10. Ilipata 72. Mhadhiri aliandika pembeni mwa hoja kuu neno moja, "Sawa", na kwenye hitimisho akamkata alama kwa kutosema lolote la maana kuhusu jaribio la tatu la 2014, lile la kupitia noti kabla ya mtihani, ambalo waliorudia mwaka 2021 hawakuligusa kwa sababu walirudia la kwanza tu. Mhadhiri alikuwa na haki. Aya hiyo ilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshauri aitoe ili asizidishe idadi ya maneno, na niliposoma alama ile nyekundu nilimpigia simu kumwomba radhi. Aya bado anayo, katika faili lake.